Kama Ulivyosema, Prof

Kazi yangu ni kuwasaidia madaktari wakue. Ndivyo ilivyoandikwa mlangoni pangu, kwa maneno mengi zaidi, na ndivyo ninavyowaambia watu wa kanisani wakiniuliza nafanya nini huko Parklands. Mtu amesoma udaktari, akarudi darasani mpaka akapata uzamifu, umri umefika thelathini na kitu, ana mtoto au anatafuta mtoto, na bado hajawa mtu wa kuajiriwa. Anaitwa mtafiti. Anapewa mkataba mfupi, dawati la pembeni na profesa wa kumlea. Mimi ndiye ninayepaswa kuhakikisha kwamba malezi hayo yana mwisho, kwamba siku moja atakuwa na utafiti wake, wasaidizi wake na jina lake mwenyewe. Nimeifanya kazi hii muda mrefu, na watafiti huniita Mama Ivyne, kwa jina la mwanangu. Wengi niliowasaidia sasa wanauza dawa.

Taasisi yetu inashughulikia maradhi ya watoto wachanga, na ni ya Profesa Zedekiah Obuya. Kwenye karatasi si yake, ina bodi na ina mkurugenzi, lakini yeye ndiye aliyeianzisha katika chumba kimoja cha nyuma, na karibu kila daktari wa watoto hapa Nairobi ambaye sasa anameza vidonge vya presha alifundishwa naye. Akiingia chumbani watu husimama. Hakuna aliyewahi kuwaambia wasimame. Mimi pia husimama, ingawa magoti yangu yana malalamiko yake siku hizi.

Sasa kuna desturi moja pale ambayo mgeni hujifunza mapema au huumia. Katika mkutano wa Jumatatu kijana haleti wazo lake. Ukilileta mbele ya watu, Prof atalitazama kama mtu aliyewekewa chakula ambacho hakukiagiza. Atauliza swali, halafu jingine zito zaidi, na wazo lako litafia pale mezani watu wakiangalia viatu vyao. Kwa hiyo unamwendea ofisini wiki moja kabla, anapokunywa chai, unamwambia, "Prof, nimekuwa nikifikiria kile kitu ulisema siku ile." Hakuwa amesema kitu. Unalieleza wazo lako lote kana kwamba unamkumbusha. Anasikiliza, anakunja uso, kisha anasema, "Eeh, ni kweli, nilisema." Jumatatu inayofuata analileta mwenyewe, analisifu, na kukupa wewe ulifanyie kazi. Kila mtu anafurahi na kazi inakwenda. Joyline, aliyekalia lile dawati la pembeni kabla ya Kavutha, mtafiti ninayetaka kumsimulia, ndiye aliyemfundisha Kavutha ujanja huo wiki yake ya kwanza, pamoja na mahali pa kuanika mwavuli.

Ubaya wa mchezo huo ni kwamba Prof haigizi. Ukipita muda, anakumbuka kweli. Anakumbuka alikuwa amesimama wapi aliposema, na nani alikuwa karibu, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Si mwizi yule mzee, na laiti angekuwa mwizi ningejua la kumfanya.

Kavutha Ndeti alitujia kutoka hospitali moja ya umma. Ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Anaishi Waithaka na mumewe Mukonyo, mwalimu wa shule ya msingi. Wazo lake lilikuwa jepesi mpaka likaniudhi, kwa sababu nilijiuliza sote tulikuwa tunatazama wapi. Mtoto mchanga anaugua, anatibiwa, anapona, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Hospitali inahesabu kwamba huyo amepona. Baadhi yao hufa nyumbani baada ya wiki chache, na hakuna daktari anayejua, maana aliyefia nyumbani si wa hospitali tena. Kavutha alitaka wauguzi wamtazame kila mtoto akinyonya kabla hajaruhusiwa. Mtoto anayesinzia kwenye titi kabla hajashiba, anayetoka jasho kwenye paji la uso kama mtu anayepanda mlima, huyo hajapona. Azuiliwe, au afuatwe nyumbani. Hakuhitaji mashine yoyote, alihitaji muuguzi mwenye saa na macho, na miaka ya kutosha ya kuthibitisha.

Kulikuwa na ufadhili mmoja wa kumwezesha. Ulikuwa umetengwa kwa watafiti waliokwisha kuiva, wanaotaka kutoka chini ya mbawa za walimu wao, na masharti yake yalikuwa wazi: wazo liwe la mwombaji mwenyewe. Jopo lingemuuliza ana kwa ana. Mlezi wake angekaribishwa kuketi, asiseme mpaka aulizwe. Kavutha akiupata, utafiti ungekuwa wake. Akiukosa, mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba na taasisi haikuwa na mwingine wa kumpa. Hapakuwa na njia ya tatu.

Nilimwita nyumbani kwangu, mtaa wa Jamhuri, siku ya Jumamosi tufanye mazoezi, kwa sababu pale ofisini kuta zina masikio. Mume wangu Lenox, ambaye ni fundi wa lifti na anapenda sana kujifanya mtu mkubwa, alivaa tai akaketi kwenye kochi kama mwenyekiti wa jopo. Nilikuwa nimempa maswali. Kavutha aliyajibu vizuri, nambari zote zilikuwa kichwani. Halafu Lenox akauliza, "Daktari, hili wazo lilitoka wapi?"

"Lilitokana na mazungumzo na Profesa Obuya, ambaye aliona kwamba..."

"Simama hapo," nikamwambia. "Lilitoka wapi?"

"Kwa Prof."

"Kavutha, mimi nilikuwa nje ya mlango wa Prof siku uliyompelekea hiyo stori na chai. Usinichezee. Lilitoka wapi?"

Nilidhani nimemkasirisha, na nilitaka akasirike, maana hasira ingemsaidia. Akaangalia mikono yake.

"Ni mtoto wangu, Mama Ivyne," akasema. "Wa kwanza. Muema. Alizaliwa akapata infection, wakamtibu, wakaturuhusu. Nyumbani akawa ananyonya kidogo analala. Ananyonya kidogo analala. Halii. Majirani kwa plot wananiambia nimebahatika, watoto wao wanawamaliza na kelele. Na mimi nikawa nashukuru Mungu, nasema nimepewa mtoto haninyimi usingizi." Akafuta pua kwa kiganja. "Mimi daktari, nilikuwa nashukuru."

Lenox alivua tai. Hakuna aliyemwambia aivue.

"Prof anajua?" nikauliza.

"Hiyo ilikuwa kabla nikuje hapa. Sijawahi kumwambia."

Sikumpa pole mara moja. Nilikuwa nimekasirika sana, wala si kwake. Nilifikiria ile chai, na yule msichana akiingia ofisini na trei, akimwambia mzee kwamba yeye ndiye aliyesema siku ile, huku jambo lenyewe alilijua kwa titi lake. Baadaye nilimshika mabega nikamwambia, "Utaingia pale useme hivyo hivyo ulivyoniambia. Wazo ni langu, lilitoka kwa mtoto wangu. Basi." Tulirudia. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili sauti ilikatika, na mwishowe akawa anaweza kulisema akiwa amenyoosha shingo. Tulikula chapati na ndengu, akacheka kidogo kwa kuziba mdomo, na nikamwona akienda zake kituoni nikasema moyoni, huyu amepita.

Jumatatu nilikwenda kwa Prof. Nilimwomba, kwa heshima zote nilizonazo na nyingine za kuazima, asije kwenye mahojiano.

"Madam Milcah," akasema, "mtoto wangu anaenda vitani, mimi nikae nyumbani niangalie taarifa ya habari?"

"Prof, wanataka kuona kama anaweza kusimama peke yake."

"Anaweza. Mimi ndiye nimemsimamisha." Aliniangalia kwa upendo, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba ulikuwa upendo. "Sitasema neno. Nitaketi tu, anione, apate nguvu."

Tukaelewana angalau kwamba ataingia mwishoni, maswali yakishaisha. Alikubali. Alinishika mkono kuthibitisha.

Mahojiano yalifanyika mjini, katika ukumbi wa kukodi kwenye jumba moja karibu na Kenyatta Avenue. Mwenyekiti alikuwa Daktari Wachira, mtu wa haki, mwenye sauti ya chini, na wenzake wawili. Mimi niliketi nyuma kama karani wa kikao, nikiwa nimekatazwa kufungua mdomo. Kavutha alivaa kitenge cha kijani. Alizungumza vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza sebuleni kwangu. Alipofika kwenye wale watoto wanaofia nyumbani, mmoja wa wanajopo aliacha kuandika akamsikiliza tu. Nilianza kuona njia.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Prof Obuya alikuwa amekuja mapema kwa kuogopa msongamano wa magari, akachoka kukaa kwenye benchi la nje. Alikuwa na suti yake ya bluu, ile ya mazishi na mahafali. Alitabasamu, akainua kiganja kuomba radhi, kwamba msimjali, endeleeni.

Daktari Wachira alisimama. Alikuwa amefundishwa naye, nilipaswa kukumbuka. Wenzake wakasimama, nami nikajikuta nimesimama. Kavutha alikuwa amesimama tayari, kwa hiyo alifanya lililobaki: aliacha karatasi zake, akaenda kumvutia mzee kiti. Alimwekea pale mbele, kando ya meza ya jopo, mahali ambapo hakuna namna angeweza kuongea bila kumwangalia usoni.

Wachira aliketi, akatafuta alipokuwa ameachia. "Daktari Ndeti," akasema, "swali la mwisho upande wangu. Ni wazo zuri na ni rahisi. Lilikujiaje?"

Kavutha aliniangalia. Niliitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kama mtu anayemhimiza mtoto kuvuka mtaro. Akageuka akamwangalia Prof, na mzee akamtabasamia. Nilimwona akivuta pumzi, na shingo ikanyooka, na nikajua sasa anasema.

"Lilitoka kwa Prof," akasema. "Alilisema siku moja tukiwa maabara. Mimi nililifuata tu."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliibonyeza mpaka kifuniko kikapasuka.

Wachira alisita. Nadhani alitaka kumsaidia, maana hakuandika. Alimgeukia mzee. "Prof, ni hivyo?"

"Ni hivyo," akasema Prof Obuya, akifikiri kwa makini kama anavyofikiri daima, bila hila hata chembe. "Nakumbuka vizuri. Ilikuwa inanyesha." Halafu, kwa kuwa alikuwa ameulizwa na sasa anaruhusiwa kusema, akaamua kumpa msichana wake zawadi kubwa kuliko zote alizonazo. "Na wacha niwaambie jambo moja. Nimelea wengi, na wewe Wachira ukiwemo. Lakini huyu, tangu aje kwangu, hajawahi kunibishia hata siku moja."

Wanajopo waliinamisha vichwa na kuandika, wote kwa pamoja. Kavutha aliinama kidogo, akasema asante.

Nilimkimbilia Wachira kwenye lifti. Nilimweleza yote, chai, mtoto, Waithaka, nikiwa nimemshika mkono wa koti kama mwendawazimu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Milcah, skiza," akasema. "Nakuamini. Mimi mwenyewe nimebeba hiyo chai. Lakini amesimama mbele ya jopo akasema si lake, na mlezi wake akathibitisha. Sasa unataka niandike nini? Kwamba ametudanganya? Hiyo itamfuata kila mahali. Afadhali akose hii moja."

"Hakuna nyingine, Daktari."

Alijua hakuna. Lifti ilikuja akaingia, na wakati milango inajifunga alikuwa anaangalia sakafu.

Kavutha nilimkuta chini, kando ya wale wang'arisha viatu, akimsubiri Mukonyo. Sikumbembeleza. Nilimuuliza kwa nini, na nilimuuliza kwa sauti, watu wakageuka.

"Aki sijui, Mama Ivyne," akasema. "Alikuwa ananiangalia vizuri sana. Ningemwambia aje mbele ya watu kwamba hakusema? Mzee wa watu, na suti yake."

"Na Muema je?"

Nilijuta kabla neno halijaisha kutoka. Alikaza mkoba kwapani, akaangalia barabara mpaka mumewe alipofika, na mumewe alipomwona uso akampokea mkoba.

Jibu lilikuja kama lilivyotarajiwa: utafiti mzuri, mwombaji hajaonyesha uwezo wa kufikiri bila mlezi wake. Prof aliumia kweli. Hakula chakula cha mchana, akafunga mlango wake. Alipotoka alikuwa amekata shauri kwamba hataliacha wazo life, na akaliombea fedha kwa jina lake mwenyewe, kwa wafadhili wengine, wale wakubwa wanaowapa wazee. Alipewa bila hata kuitwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwajiri Kavutha kama msaidizi wa utafiti. Alikuja ofisini kwangu kuniambia mwenyewe, akitaka nifurahi.

Nilimwambia Kavutha akatae. Nilikuwa nimemtafutia mlango katika kampuni moja ya dawa, kule ambako wenzake wako, wana magari na bima. Alisoma ule mkataba wa msaidizi akiwa amesimama, akautia sahihi juu ya kabati langu la mafaili.

"Hii kazi lazima ifanyike," akasema. "Hawa watoto hawajui ni study ya nani."

Ni kweli hawajui. Mimi najua, na mshahara wangu ni wa kujua hivyo.

Juzi tulikuwa na mafunzo ya kwanza. Wauguzi walijaa ukumbini, pamoja na watafiti wapya watatu wanne waliovaa vitambulisho bado vinang'aa. Prof alifungua kikao na sote tukasimama na kuketi. Kisha Kavutha akachukua mwanasesere wa kufundishia, akawaonyesha jinsi ya kumweka mtoto kwenye titi na mahali pa kuangalia: taya, koo, paji la uso. Mikono yake ilikuwa hodari. Mwanasesere hakuwa na uzito wowote lakini yeye alimshika kama mwenye uzito.

Mtafiti mmoja mpya, kijana anayeitwa Mwololo, akainua mkono. "Prof, samahani. Hii kitu ni simple sana, na hatukuiona sisi wote. Wewe ulifikiriaje?"

Mzee akacheka kwa raha. "Kavutha, hebu waambie. Wewe ulikuwa hapo."

Kavutha alimshusha mwanasesere mezani.

"Kulikuwa na mtoto," akasema. "Alitibiwa akapona, akaruhusiwa. Lakini alikuwa ananyonya kidogo, analala. Hakuwa analia. Mama yake alidhani ni mtoto mtulivu." Akaiweka sawa shingo ya mwanasesere. "Alikuwa anaitwa Muema."

Niliinuka kwenye kiti changu kule nyuma bila kujua. Nilisema moyoni, endelea, sema tu, sentensi moja imebaki.

Prof Obuya alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni, macho yamelowa. Ilikuwa huzuni ya kweli. "Muema," akasema. "Namkumbuka sana huyo. Alikuwa pale wodi ya pili, kitanda cha karibu na dirisha. Tulijaribu kila kitu."

Mwololo aliandika jina. Kavutha alimtazama mzee, na mdomo wake ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimesimama huku nimeshikilia kiti cha mbele yangu. Mtoto yule alifia Waithaka, kwenye kitanda cha mama yake, asubuhi, watu wakifua nguo nje.

"Ndiyo, Prof," akasema. "Karibu na dirisha."

Akamwinua tena mwanasesere, akawaambia wauguzi wasogee mbele waone vizuri.